Bunda, Tulipokwenda Bila Bwire

Niliondoka Wundanyi, Kenya, kwa sababu kanisa letu liliombwa fundi seremala wa kufundisha vijana Musoma, Tanzania, na kati ya mafundi wote mimi peke yangu sikuwa na familia. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni na sukari zikipatikana kwa foleni au kwa magendo. Nilipanga chumba kwa Mama Bwire, mjane aliyeuza dagaa. Mwanawe wa pekee, Bwire, alivua kisiwani Rukuba, na siku za mechi alivuka ziwa kuja kuifungia mabao Mawimbi, timu ya wavuvi.

Kwetu mpira ulikuwa wa kupitisha Jumamosi. Musoma nilikuta watu wanaolala gizani kwa kukosa mafuta ya taa, lakini wanachangia dizeli ya lori la mashabiki.

Asubuhi ya safari ya Bunda, kwenda kucheza na timu ya kiwanda cha kuchambua pamba, lori lilijaa mapema. Mama Bwire alikaa mbele na dereva. Mashabiki walimwita Mama wa Timu, na kiti hicho hakuna mwingine aliyekigusa. Bwire hakuonekana.

"Huyu hachelewagi," mama yake alisema. "Na ziwa limechafuka tangu jana."

"Atatukuta huko huko," akajibu Mafuru, mpiga ngoma na kiongozi wa mashabiki. "Tukingoja, mechi itatupita."

Makutano, njia ya Butiama inapochepuka, tulipakia wengine waliokuwa wakitungoja kwa nyimbo. Nami nikaimba, ingawa maneno ya Kijita sikuyaelewa. Sijawahi kujiona mwenyeji kuliko saa ile.

Bunda uwanja ulikuwa vumbi tupu, nyuzi za pamba zimenasa kwenye miiba ya ua. Kufika mapumziko tulikuwa tumefungwa mawili, na Bwire hajatokea. Ndipo mtu nyuma yangu akasema, "Bwire amekula pamba." Wakacheka kidogo. Kisha neno likawa wimbo: amekula pamba, amenunuliwa, msaliti. Ngoma ya Mafuru ikaufuata.

Mama Bwire akasimama. "Mafuru, wewe umelala kwangu, umekula kwangu. Unaimba nini?"

"Utusamehe, Mama. Lakini sema kweli, wamempa nini?"

Mama Bwire alijifunika kanga kichwani, akaketi akiutazama uwanja kana kwamba hauoni. Tulifungwa matatu.

Tulilala kwenye jengo la kanisa. Hakuna aliyemsemesha Mama Bwire. Jumapili asubuhi dereva alimfungulia mlango wa mbele, akakataa, akapanda nyuma na kukaa nami juu ya magunia matupu. Walioimba jana walisogea, wakatuachia nafasi kubwa tusiyoihitaji.

"Fundi," aliniambia tulipopita Kiabakari, "mtoto wangu akiwa amenunuliwa kweli, nitamshukuru Mungu."

Sikumwelewa mpaka tulipofika Musoma na kuwaona watu wamejaa ufukweni Mwigobero. Mtumbwi wa Bwire ulikuwa umepinduka Jumamosi asubuhi, akija kutuwahi. Wavuvi wa Rukuba ndio waliomleta. Chini ya koti alikuwa amevaa jezi ya Mawimbi.

Alizikwa Kiriba, kando ya kaburi la baba yake. Mashabiki walikuja wote. Mafuru akapiga magoti, akaomba ruhusa ya kupiga ngoma.

"Mlishamwimba," Mama Bwire alisema. "Zikeni tu."

Msimu ule wa kilimo, kila Jumapili baada ya ibada, Mafuru na wenzake walikuja kumlimia muhogo. Aliwapikia uji, akawakaribisha kwa heshima, kisha akaingia ndani na kufunga mlango mpaka waondoke.

Mkataba wangu ulipokwisha nilirudi kwetu kwa njia ya Sirari, mpakani. Vijana wa Wundanyi waliniuliza kama ni kweli watu wa huko wanapenda mpira.

"Wanapenda," niliwaambia. "Wanapenda mpaka wanasahau kwamba mchezaji ana mama."