Bahasha Nyeupe Kabla ya Kufungua Kazi

Mui Kam-shing alikuwa akifunga majukwaa ya mianzi ya kusimamia wajenzi kwenye maghorofa ya Hong Kong tangu ujana wake, na hakuogopa kitu kilichokuwa juu ya ardhi. Waliomtisha ni mawakili. Kampuni aliirithi kwa baba yake: uwanja wa mianzi kule Yuen Long, lori bovu, na mafundi waliozeeka pamoja naye. Mkewe, Yuet-ngo, ndiye aliyekuwa ofisi nzima.

Mwaka mpya wa Kichina ulipoingia, karani mmoja alipenyeza bahasha chini ya mlango wa ofisi. Nyeupe pe, kama zile za rambirambi. Yuet-ngo aliiokota kwa vidole viwili. Siku zile za sikukuu hata ufagio haushikwi, usije ukafagia bahati, sembuse bahasha ya msiba, tena kabla hajakatwa nguruwe wa kuchoma anayeliwa siku ya kufungua kazi! Akaifungia kwenye droo, aje aifungue kazi zikianza.

Kazi zikaanza. Nguruwe akaliwa, simu zikalia, bahasha ikasahaulika. Alikuja kuikumbuka watu wa mahakama walipobisha hodi. Mkandarasi mkuu mmoja aliyewapa kazi alikuwa ameshitaki kwamba jukwaa lao lilichelewesha jengo lake, na kwa kuwa hakuna aliyejibu, ameshinda. Uongo mtupu! Watu wake mwenyewe ndio waliosimamisha kazi, na Kam-shing alikuwa na picha.

"Hakuna hati iliyoletwa hapa!" alifoka Kam-shing, akamgeukia mkewe. "Mama Ka-yan, wewe ulipokea kitu?"

"Sijaona kitu."

Maneno mawili tu, kwa woga wa kugombezwa. Mumewe akayachukua akaenda kuyaapia mahakamani, akiomba hukumu ifutwe. Akashindwa mara ya kwanza, akashindwa tena mbele ya jaji, na kila aliposhindwa ulimi wa Yuet-ngo ulizidi kuwa mzito. Sasa ilibaki kuomba ruhusa ya kukata rufaa. Wakinyimwa, uwanja unauzwa kulipa fidia.

Asubuhi ya shauri walikaa kwenye ukumbi wa mahakama, Kam-shing kavaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya binti yao Ka-yan.

"Unahangaika nini?" alimtania. "Anayebanwa na suti ni mimi."

"Baba Ka-yan, kuna jambo..."

"Tukitoka. Tutakunywa chai, utaniambia yote."

Wakaitwa ndani. Mambo yalisemwa kwa Kiingereza, wao wakitazama midomo tu. Walipotoka, wakili wao, Poon, alivua miwani.

"Jaji amekataa, Mzee Mui."

"Na picha zangu?"

"Picha kaziona nzuri. Anasema mngekuja mapema mkakiri kwamba hati ilifika, sikukuu zikawasahaulisha, angalau mngesikilizwa. Lakini nyinyi mmeng'ang'ania haikufika, na karani aliyeileta ameaminika. Pole sana."

Poon akaenda zake. Yuet-ngo akashika mkono wa koti la mumewe.

"Ilifika. Niliipokea mimi. Ilikuwa nyeupe, na kazi tulikuwa hatujafungua, nikaogopa itatuletea nuksi. Nikaiweka. Halafu nikakudanganya."

Yuet-ngo alisubiri matusi. Aliyataka, hata kofi angelipokea, maana aliona amestahili.

"Ungeniambia," alisema mumewe. "Siku ile ile ungeniambia, Mama Ka-yan. Ningepiga kelele, tungekula, tungelala."

Simu yake ikalia. Alikuwa Kaka Biu, msimamizi wa mafundi. Mafundi wote walikuwa uwanjani, wameacha kazi, wanangoja habari. Sauti yake ilikuwa kubwa hata Yuet-ngo akaisikia: "Vipi, bosi? Tumepewa ruhusa?"

"Tumenyimwa, kaka."

"Lakini kwa nini? Si barua haikufika?"

Yuet-ngo alinyoosha mkono aombe simu, aseme mwenyewe. Kam-shing akageukia ukutani.

"Haikufika," alisema. "Hawajatuamini tu."