Chao ya Baba

Malori yalianza kupumua kabla hatujaamka. Sauti ya breki za upepo, fyuu, fyuu, kutoka kwenye foleni ya forodhani, ndiyo iliyotuamsha pale Busia upande wa Uganda, na harufu ya dizeli ilitufuata hadi ndani ya kikombe cha chai. Baba, mtu wa Kirewa, huko ndani Uganda, aliendesha lori la kwenda Juba, na kila breki ilipolia Mama aliinua kichwa. Mama mwenyewe alizaliwa Busia ya Kenya, ng'ambo tu ya geti la mpaka. Mke mwingine akitaka kurudi kwao hutafuta nauli. Mama alihitaji kuvaa viatu tu, na jambo hilo lilininyima raha.

Msimu mmoja wa mvua maneno yalienea sokoni kwamba Baba ana mwanamke mwingine, na watoto, huko Malaba. Mama hakuuliza. Alikuwa amemwomba Baba kitanda kipya, maana chetu kiliegemezwa kwa matofali. Asubuhi moja ujumbe ukaingia kwenye simu: "Kitanda iko Busia kwa stoo. Chao." Mama aliusoma amesimama, kisha akaketi. Yeye alifundishwa Kiswahili cha shule, kwa fimbo: kitanda changu, kitanda chenu, kitanda chao. "Chao!" akasema. "Kumbe wapo kweli. Na mimi ndiye nikawachukulie huko stoo!" Akapiga simu, haikupatikana. Akavuta begi na kuanza kukunja nguo, zake na zangu, kisha zangu akazirudisha kabatini. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Nilikimbia parokiani kwa Sista, bibi wa Kiitalia aliyetufundisha wasichana kushona. Yeye alisema "chao" akiingia na "chao" akitoka, nasi tulidhani ni namna yake ya kupiga chafya. Nilimuuliza huku nikihema. Akanieleza kwamba kwao hiyo ni salamu, ya kukutana na ya kuagana pia. Kwamba zamani za kale ilikuwa kama kusema "mimi ni mtumwa wako," ingawa leo hakuna anayelifikiria hilo. Wahabeshi, wale wa Ethiopia na Eritrea, walilichukua neno hilo kwa Waitalia, akasema, ila wao huagana nalo tu. Wahabeshi! Baba alikula nao kila siku huko Juba, madereva wenzake.

Nilirudi mbio, lakini Mama hakutaka kusikia. "Sista hamjui baba yako," akasema, akivuta zipu. Nilisimama mlangoni kumzuia, na sijui lile wazo lilitoka wapi.

"Mama, Baba anajua kusema chao? Si yeye husema kiti yangu, kijiko yangu, kichwa yangu inauma? Kingekuwa cha hao watu, si angeandika yao?"

Mama alitazama simu tena. "Kitanda iko," akasoma polepole, kisha akarudia, "iko," akiiga sauti ya Baba. Akacheka hadi akalia, nami nikalia bila kucheka. Kiswahili kile alichokuwa akimkejeli Baba kwacho kila siku ndicho kilichomvua viatu.

Baba aliporudi alishangaa. "Si nilikuwa naaga tu?" Habari za Malaba Mama alimuuliza mlango ukiwa umefungwa, na majibu sikuambiwa hadi leo. Ila kitanda kiliingia kwetu. Tangu hapo, Baba akipanda lori na kupunga mkono, "Chao!", Mama alimjibu kwa nguvu foleni nzima isikie: "Chetu!"

Siku hizi foleni imepungua na Baba hasafiri tena, magoti yamemgomea. Msafiri ni mimi, huko Nairobi, ambako vijana wa ofisini hutupiana "chao" bila kufikiri, na mimi bado moyo hunishtuka, nikitafuta ni cha nani. Kila Jumapili napiga simu nyumbani. Nikisema "chao" nasubiri, kidole mbali na kitufe, kama mtoto anayesikiliza zipu ya begi. "Chetu," anasema Mama. Na nyuma yake Baba, ambaye hajajifunza, na naomba asijifunze kamwe, anapaza sauti: "Yetu!"