Jembe Lililogongwa kwa Ufunguo

Mavyaa, mama wa mume wangu, alikuwa hodari wa kunitia aibu madukani. Miezi michache baada ya Uhuru alinipeleka Ukunda tukanunue jembe la nyumbani, maana lile nililokuja nalo kutoka kwetu Kinango alilicheka tangu siku ya arusi. "Hili ni la kukwaruzia vumbi," alisema. Kwetu ni kukavu kweli.

Dukani nilikwenda moja kwa moja kwenye majembe yaliyopakwa rangi yakameremeta.

"Rangi ndiyo utakayolimia?" akaniuliza mbele ya watu.

Akainua moja, akatazama makali yake kwa jicho moja, akapapasa mahali bamba linapoungana na tundu la mpini. Kisha akapitisha uzi kwenye lile tundu, akaliacha jembe lining'inie, akafungua fundo la leso, akatoa ufunguo wa nyumba na kuligonga. Likalia kama kigae. Akalirudisha. Aligonga majembe ya duka zima, mwenye duka ameshika kichwa, mpaka akapata moja jeusi, baya la sura, lililolia na kuendelea kulia. Mavyaa alifumba macho hadi sauti ikaisha. Mimi mwili ulinisisimka, nikasingizia njaa.

Mume wangu alilitia mpini wa mkwaju. Jembe likishatiwa mpini sauti yake hufa. Ukiligonga hata kwa jiwe, husikii ila mlio mfupi wa chuma. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Kijijini kwetu, karibu na Kinondo, udongo ni mwembamba na chini yake ni mwamba wa matumbawe. Majembe ya wenzetu yalijikunja makali, letu halikupata hata pengo. Habari zikaenea. Kukitokea msiba, wanaume walikuja kwetu kwanza, wakapiga hodi na kusimama uani, wakaomba kuazima lile jembe. Jembe la kuchimbia kaburi hanyimwi mtu. Lilirudi limeoshwa, na Mavyaa aliliosha tena kwa mkono wake kabla ya kulitundika kwenye ukuta wa nje, chini ya upenu.

Mara ya kwanza nililisikia adhuhuri, nikikuna nazi. Ua wote ulikuwa kimya, hata kuku wamejilaza. Jembe likalia pale ukutani, mlio ule ule mrefu wa dukani. Hapakuwa na upepo wala mtu. Jioni wakaja kuliazima.

Likalia tena siku nyingine nikifagia, na kabla ya magharibi hodi ikapigwa. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu. Nilikagua msumari, nikalihamishia ukuta mwingine, nikalifunga kwa gunia. Likalia ndani ya gunia.

Mavyaa naye alilisikia. Kila likilia alinyamaza katikati ya neno, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Mwisho nikamuuliza.

"Mama, lile laita nani?"

"Haliiti wa humu. Wewe kuna nazi yako." Akanitazama. "Na likiita humu, funga mdomo wako. Ukiitika, wajitoa mwenyewe."

Masika yaliyofuata mume wangu alishikwa na homa. Alidungwa sindano hospitalini, akarudi nyumbani, na homa ikarudi naye. Ikawa haniiti tena kwa jina langu, ananiita kwa majina ya watu waliokwisha kuzikwa. Nilimpenda yule mwanamume kuliko nilivyowahi kumwambia, na niliogopa hata kuutazama ule ukuta.

Likalia adhuhuri. Safari hii halikulia mara moja tu. Lilinyamaza, likaanza tena, likanyamaza, likaanza. Mume wangu mle kitandani akageuza kichwa kuelekea kule sauti inakotoka, midomo ikafunguka. Nilijua anataka kuitika. Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Hapo ndipo niliposikia sauti kutoka uani. Mavyaa alikuwa akichambua mchele. Kupitia mlangoni nilimwona akiweka ungo chini, akajitanda leso vizuri, akasema kwa adabu kama mtu anayeitwa na mkubwa wake:

"Abee!"

Jembe likanyamaza.

Nikatoka mbio. "Mama! Umeitika?"

"Nimeitwa, nisiitike? Mimi nimelelewa."

"Hukuitwa wewe!"

"Wajuaje?" Akauchukua ungo wake. "Mchele huu una mawe, mwanangu. Nenda kamtazame mumeo."

Nilimkuta mume wangu ametota jasho, homa imeshuka. Jioni aliomba uji, na mama yake akamtania kwamba amekonda mpaka masikio yamekizidi kichwa. Mavyaa alicheka sana jioni ile. Mimi nilishindwa.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, nilimkuta Mavyaa amekaa kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta chini ya jembe, leso ameitanda sawasawa. Mwili ulikwisha kupoa.

Wanaume walikuja wakasimama uani, na hakuna aliyethubutu kuliomba. Mume wangu akatoka, akalitungua mwenyewe. Walimsihi apumzike, akakataa. Aliporudi aliniambia kwamba mama alijua kuchagua, mwamba ulikatika kama muhogo. Sikumwambia kitu siku ile, wala miaka yote iliyofuata.

Sasa mwanangu wa kiume amejenga kwake, na analitaka lile jembe. Anasema siku hizi hakuna chuma kama kile, na ni kweli. Bamba limelika likabaki kama kiganja, lakini makali yangalipo. Nilimkatalia, nikampeleka dukani, nikamfundisha kutazama makali na kupapasa maungio. Alipotaka kuyaning'iniza majembe ayagonge, nilimwambia yatosha. Amenunua la kawaida, na bado ananung'unika.

Lile jeusi nimelihamisha. Liko kwenye ukuta wa mlango wangu, pale ninapokaa kuchambua mchele. Masikio yangu si kama zamani, na sitaki mwanangu alisikie kabla yangu.