Sibariki Nisichokielewa

Miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa nchini na magari ya Japani yakaanza kumiminika, gereji yangu ya pale Sakina, Arusha, ilijaa mpaka barabarani. Shule niliishia darasa la tatu, na kila tofali pale nililipanga kwa mikono yangu. Najivunia, sifichi.

Binti yangu, daktari tayari, akaja kuniaga. Kesho yake anakwenda ng'ambo kusomea chembe nyeupe za damu. Alitaka baraka. Kwetu Waarusha baba humbariki mtoto kwa kumtemea mate, na binti huyu asingepanda ndege bila hayo.

Nikamwambia, "Sibariki nisichokielewa. Nieleze."

"Hapa, baba? Mbele ya mafundi?"

"Hapa hapa."

Akakaa juu ya tairi. Akasema kuna chembe saidizi: zenyewe haziui kijidudu, zinaamuru chembe nyingine. Nikadhani basi zote ni jeshi moja. Akakataa katakata. Zipo zinazozichochea chembe zinazokula vijidudu zimalize kijidudu kilichojificha ndani ya chembe zetu wenyewe, kama cha ukoma. Nyingine ni za kupambana na minyoo. Hizo huleta ute na mwasho, mdudu asukumwe nje.

"Na zikiitikia hizo za minyoo kwenye ukoma?"

"Unamwenea mtu mwili mzima, baba. Mwenzake aliyeitikia vizuri anabaki na mabaka machache tu. Na kijidudu ni kilekile!"

Hapo nikaweka spana chini. "Nani anaiambia chembe changa iwe ya aina gani?"

"Ile iliyokutana na kijidudu kwanza. Inaleta kipande chake, pamoja na habari. Habari nyingine bado hatuzijui. Ndizo ninazoziendea."

Kumbe mtoto anafuata jambo la maana! Akaongeza kwamba zipo pia za kutuliza wenzao wasipigane ovyo. Fundi bodi akapayuka kutoka chini ya gari, "Mzee, hizo wewe hukuzaliwa nazo!"

Gereji nzima ikaangua kicheko, na mimi nikiwemo.

Nikanawa grisi. Nikamwita, akainamisha kichwa, nikamtemea mate kwenye paji la uso mara kadhaa, nikamwombea njia nyeupe.

"Baba, na vijidudu umenipa."

"Vipeleke. Hizo chembe saidizi zako zipate kazi."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Mate yalikuwa yanang'aa usoni, na hakuyafuta.