Mama Pindo Achagua Sindano Yake

Mama Pindo, binti wa mwanamke aliyepiga pasi mashuka ya hospitali hadi akastaafu, mjukuu wa mshona magunia ambaye gunia lake halikuwahi kumwaga punje, mke wa marehemu kaka yangu: huyo ndiye wifi yangu ninayemwandika hapa. Jina alipewa na wateja wake wa cherehani. Pindo akilipiga yeye, nguo itachakaa, pindo litabaki. Nimevaa kazi ya mikono yake tangu nikiwa na kiuno. Kiuno kimeshakwenda zake, nguo zipo.

Sukari ilimpata utu uzimani. Alimeza vidonge miaka mingi bila kulalamika, kisha macho yakaanza kuona ukungu. Siku moja alishona sketi ya shule, kipande kimoja ndani nje, mteja akairudisha. Daktari akamwambia sukari imepanda, vidonge peke yake havitoshi tena, aongeze sindano. Akizembea, macho yanaweza kuharibika moja kwa moja.

Akakataa. Mama yetu mzazi, yaani mkwe wake, alianza kuchomwa sindano ya sukari akiwa hoi kitandani, na hakuinuka tena. Tangu hapo, kwa wifi, sindano ilikuwa ndiyo kuagana.

“Umeshika sindano tangu utotoni, leo unaikimbia?” nilimchokoza.

“Ile naichoma kwenye kitambaa, wifi. Kitambaa hakisemi ‘mama wee’.”

Tulimbembeleza, mimi na mwanawe dereva wa lori, mpaka akakubali kwenda kliniki, japo kusikiliza tu. Nesi tuliyemkuta hakumfokea wala kumtisha. Namshukuru hadi leo. Alipanga vitu mezani kama muuza duka, akasema:

“Mama, daktari anasema hizi zote zinaweza kukufaa. Sasa niambie unavyoishi, maana wa kujichoma ni wewe.”

Kulikuwa na chupa na bomba la sindano, ambapo mtu anavuta dawa mwenyewe hadi kwenye mstari wake. Kulikuwa na sindano yenye umbo la kalamu, ya kila siku: unazungusha kitako chake, inalia ka, ka, ka, unaona namba, unabonyeza. Na kulikuwa na kalamu ya mara moja kwa wiki, dawa ya aina nyingine, ambayo mwanzoni huweza kumchafua mtu tumbo.

“Ya wiki, mama!” mwanawe akadakia. “Unachoma, unasahau.”

“Ndiyo hofu yangu, nitasahau kweli. Mimi wiki yangu haina siku. Kuna kupokea kitambaa na kuna kugombana na mteja, basi. Na hivyo vistari vya bomba sivioni. Nipe hii inayolia, nesi. Nitajichoma asubuhi kabla sijafungua cherehani.”

Nesi akafurahi, ila akamwonya kwamba mlio peke yake hautoshi. Mwenye macho mazuri amsomee namba hadi yake yatulie. Nikaichukua kazi hiyo, kwa kuwa nyumba zetu zinagusana ukuta. Kila asubuhi ananiletea kalamu, nasoma namba, halafu nageukia dirishani. Mwoga ni mimi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha nikaanza kumsikia akiguna. Asubuhi moja hakuja kabisa.

Nikamfuata dukani kwake. “Kalamu iko wapi?”

“Leo tumbo limechoka kuchomwa. Dawa yenyewe imekuwa kali, inauma. Nimekosea kuichagua.”

Nikatazama mezani, na kwenye kimto chake cha pini, katikati ya pini na sindano za mkono, nikaona kile kisindano kidogo kinachofungwa mbele ya kalamu.

“Wifi! Hiki umekitumia tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza. Kwani kimevunjika?”

Pakiti ya visindano vipya ilikuwa kabatini, imetolewa kimoja tu. Fundi cherehani hatupi sindano nzima, ndivyo alivyolelewa. Tukarudi kwa nesi, naye akacheka mpaka akajishika mbavu, halafu akauliza:

“Mama, ncha ikiwa butu, kitambaa kinakuwaje?”

“Kinavutika nyuzi.”

“Na ngozi je?”

Wifi akalitazama tumbo lake kama anayetazama kitambaa cha mteja alichokiharibu mwenyewe. Tangu siku hiyo kila mchomo una kisindano kipya, na kilichotumika kinaingia kwenye kopo gumu lenye kifuniko.

Sukari ikashuka taratibu, na ukungu wa machoni ukapungua taratibu. Namshukuru Mungu, namshukuru na yule nesi. Juzi nimemkuta wifi akitunga uzi mweusi kwenye sindano, mara moja tu, ukapita. Tulikuwa na machozi wote wawili, wazee wazima.

Kisha akanitupia macho hayo hayo.

“Wifi, yule jirani muuza maziwa ameambiwa aanze sindano, amejifungia ndani. Mimi nina sare za shule zinanisubiri, shule zinafunguliwa. Wewe una mdomo. Nenda kamtoe umpeleke kwa nesi.”

“Nikamwambie achukue ya kalamu?”

“Wee! Usimchagulie. Mwulize kwanza anaishije.”