Kadi Mbili za Dada Yangu

Hata leo nikimwona daktari anaandika dawa bila kumuuliza mgonjwa kitu, damu inanichemka. Dada yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Old Moshi, na figo iliyomweka hai ilitoka ubavuni mwangu. Tulipasuliwa pamoja ng'ambo, tukarudi miaka ile ya foleni za sukari, yeye na mikebe miwili ya vidonge vya kuuzuia mwili wake usiikatae figo yangu. Avimeze kila siku, maisha yake yote.

Vidonge hivyo vilimvimbisha uso ukawa mviringo. Majirani, ambao walikuwa wanakunywa chai bila sukari mwezi mzima, wakamtania kwamba anaficha magunia ya sukari uvunguni. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaacha kucheka, akaacha kula, akawa anakaa kihambani, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba akilia, na ukimuuliza kisa, hakijui.

Mama akampeleka kwa daktari mwingine, mjini. Kadi ya kliniki ya figo aliiacha nyumbani, ndani ya debe la kahawa.

"Wakiandika wazimu kwenye kadi hii, watasema wewe ulikatwa bure," aliniambia baadaye.

Kwa hiyo dada akafunguliwa kadi ya pili. Sawa, mama alikosea. Lakini yule bwana daktari alikuwa na macho! Dada alimwamkia shikamoo, naye akautazama uso ule wa duara, akacheka.

"Marahaba, mwalimu. Umenawiri! Hiyo sukari unaipata duka gani?"

Akamwandikia vidonge vya huzuni. Hakuuliza, "Unatumia dawa gani nyingine?" Maneno manne tu, jamani.

Wiki ya pili dada akaanza kusikia sauti. Alisema figo inamlaumu, inataka kurudi kwangu. Nilimshika mikono nikamwambia nimekupa, dada, siidai. Asubuhi moja akabeba mikebe yote hadi kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, akavimwaga vidonge vikaenda na maji. Hakutuambia. Tulijua miguu yake ilipovimba.

Daktari wa kliniki ya figo alizilaza kadi mbili mezani, akazisoma, akashika kichwa. Alitueleza kwamba kimojawapo cha vidonge vya figo chenyewe huweza kuvuruga akili. Kilitakiwa kipunguzwe polepole, huku akiangaliwa. Kumwongezea vya huzuni juu yake kulizidi kumchanganya. Na sasa figo ilikuwa imekufa.

Tulimzika kihambani, kahawa ikiwa bado mbichi.

Siku chache baada ya matanga mama alinijia na isale, lile jani la kuombea msamaha ambalo kwetu ukipewa hukatai. Alilishika kwa mikono miwili, mama yangu mzazi, akanipigia magoti.

"Pokea, baba. Mimi ndiye niliyeficha kadi."

Nililipokea haraka ili ainuke. Nilijisikia vibaya sana, maana yeye aliogopa tu, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba dawa hugombana.

Yule daktari wa mjini naye ni mtoto wa mlima huu huu. Masale yamepandwa mpakani kwao mstari mzima, nimeyaona kwa macho yangu. Habari za msiba zilimfika. Hajaleta hata jani moja.