Roboti la kompyuta nililolitafsiri Kasulu, na shamba la muhogo lililong'olewa

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Nimepunguza, sijaongeza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa graduate mpya, nimerudi nyumbani Kasulu kusubiri ajira. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Barua ikichelewa siku mbili, kichwani nimeshafukuzwa kazi ambayo sijaipata.

Mzee Salumu, mwenye banda la video pale sokoni, akaniita nimtafsirie katuni za zamani za Kijapani. Zile za roboti refu kama mnara. Nikamwambia sijui Kijapani.

"Msomi, nani hapa Kasulu anakijua hata akusahihishe? Shika maiki."

Basi nikawa natunga.

Kulikuwa na sehemu roboti linainama juu ya mji, linafungua kiganja, linasema sentensi moja. Mimi nililisemesha Kiha, lugha yetu iliyo karibu sana na Kirundi: "Mugende." Yaani ondokeni. Watu walicheka hadi machozi.

Mama Domitila, mkimbizi kutoka Burundi aliyeuza maharage mlangoni, alizoea kunitania: "Mwalimu, roboti lako limezaliwa Heru Juu." Yeye mwenyewe aliishi huko Heru Juu, kijiji cha Waha jirani na mji, na wanawe watatu, kwenye kipande cha shamba alichoazimwa.

Siku moja Salumu akaleta kanda mpya kutoka Dar. Roboti lilelile, hadithi ileile, ila remake. Halikuchorwa kwa mkono tena, limetengenezwa kwa kompyuta.

Wakuu, leo mnaona graphics kali kwenye simu, hamwezi kuelewa. Lile la zamani lilikuwa rangi tupu. Hili chuma chake kiling'aa. Lilikuwa na kivuli, na kivuli kilipita juu ya mapaa ya nyumba kama wingu.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na uvumi kutoka Kibondo kwamba wakimbizi watarudishwa kwao kwa nguvu. Nilikuwa nimeusikia. Hilo ndilo linaloniuma.

Ilikuwa Jumamosi mchana, banda limejaa watu, wengi wao wakimbizi. Ikafika sehemu yetu. Roboti likainama, likafungua kiganja. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti nzito: "Mugende."

Hakucheka mtu.

Wakaanza kutoka, mmoja mmoja, bila kusukumana. Mama Domitila alitoka bila kunitazama. Ndoo yake ya maharage ilibaki mlangoni.

Jumapili hakuja. Jumatatu hakuja.

Sikulala. Niliwaza amevuka mpaka na watoto. Niliwaza wameuawa njiani, kwa neno langu. Nikawaza polisi wanamtafuta aliyetangaza, nikaanza kujiuliza kama maiki ile ina alama za vidole vyangu. Kila aliyebisha hodi nyumbani, nilimchungulia kwanza dirishani.

Jumanne nikabeba ndoo yake, nikatembea hadi Heru Juu.

Nilimkuta. Wakuu, niliitua ndoo, nikakaa chini.

Lakini shamba lilikuwa limepinduliwa lote. Muhogo wa miezi minne, mizizi myembamba kama vidole, ameung'oa wote, ameutandaza juani. Mizigo mitatu imefungwa mlangoni. Mdogo kuliko yote ulikuwa wa mtoto wa miaka mitano.

Nikamwambia ile ni filamu. Nikamwambia maneno ni yangu, nilitunga tu.

"Najua ni filamu, mwalimu," akasema, huku anageuza muhogo. "Mimi si mjinga. Lakini kule kwetu pia tulisema ni redio tu, hadi wauaji walipofika."

Nikainama, nikaanza kugeuza muhogo pamoja naye.

Alikubali kufungua mizigo, ila mmoja akauacha umefungwa. Nilikaa siku nne nikipanda naye vipande vya miti ya muhogo. Miezi ile hadi uive, nilipeleka unga kutoka kwa mama yangu, na kila nikikaribia ile nyumba niliogopa kuikuta tupu. Maiki sikuishika tena.

Nilichojifunza: usimsemee mtu ambaye hujui anasema nini, hasa mbele ya watu waliokwisha kukimbia mara moja.

Siku hizi remake hizi ni nyingi, na mwanangu anazipenda. Roboti likiinama, mimi natoka sebuleni.

Sasa naomba msaada, kama humu kuna anayejua Kijapani. Roboti linainama juu ya mji, linafungua kiganja, linasema sentensi moja fupi, taratibu. Lilikuwa linasema nini?

Miaka yote hii naogopa kwamba lilikuwa linasema "msiogope".